UZI: Mume jenerali wa waasi, baba mkwe mtu wa Mfalme. Barua za Henry na Lucy Knox, 1775 hadi 1781

Karani wa Zamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani tukigusa mapinduzi ya Marekani tunaanzia kwa George Washington na tunaishia kwake. Leo namleta mkuu wake wa mizinga, Henry Knox, na sitapitia njia ya vitabu vya vita. Nitapitia barua alizoandikiana na mkewe Lucy, pamoja na zile alizomwandikia mdogo wake William. Nina hoja moja tu: ukizisoma barua hizi kwa mfululizo, unaona vita ile ilikuwa ugomvi wa ukweni kabla haijawa ugomvi wa Wamarekani na Waingereza, na aliyelipia ugomvi huo ni Lucy kuliko jenerali mwenyewe.

Picha linaanza Boston. Knox kazaliwa 1750, shule kaacha akiwa na miaka tisa, akapelekwa kufanya kazi kwa wauza vitabu ili mama yake apate kula. Mwaka 1771 akafungua duka lake mwenyewe, akaliita London Book-Store. Lilikuwa duka la watu wa hadhi: maofisa wa Kiingereza waliokuwa na kambi mjini walikuwa wanapita pale, na mabinti wa matajiri pia. Knox anawauzia maofisa vitabu huku anawadadisi mambo ya mizinga na ujenzi wa ngome. Elimu yake ya kijeshi kwa kiasi kikubwa aliipatia kaunta ya dukani. Mwaka 1773 bunduki ikampasukia akiwa anawinda ndege, ikamwondolea vidole viwili vya mkono wa kushoto. Tangu hapo akawa anaufunga mkono ule kitambaa.

Miongoni mwa mabinti waliopita dukani ni Lucy Flucker. Baba yake, Thomas Flucker, alikuwa Katibu wa Kifalme wa jimbo la Massachusetts, yaani serikali yenyewe. Mama yake ni binti wa Samuel Waldo, aliyemiliki ardhi kubwa sana kule Maine. Kaka yake Lucy alikuwa ofisa katika jeshi la Mfalme, na dada yake aliolewa na ofisa wa Kiingereza. Sasa binti wa nyumba hiyo anamtaka muuza vitabu mwenye siasa za upinzani!

Wazee walikataa. Wakajaribu kumvuta kijana upande wao kwa kumtafutia cheo jeshini, naye akakataa. Harusi ikafungwa 16 Juni 1774, Lucy hajafikisha hata miaka 18. Mwaka uliofuata, Aprili 1775, risasi za kwanza za vita zikalia Lexington, karibu na Boston. Wawili hawa wakatoroka Boston, na simulizi ya familia inasema Lucy alishonea upanga wa mumewe ndani ya joho lake ili wapite kwa walinzi wa Kiingereza bila kukamatwa.

Naendelea chini. Wenye maswali wayaweke.

Mtoto wa Sokoni

Nimeweka kambi hapa mkuu. Shusha.

Bi Mwanahawa

Kaka Karani, hao wazazi walimsamehe baadaye?

Karani wa Zamani

Bi Mwanahawa, subiri kidogo, nakuja huko huko.

Novemba 1775 Washington ameizingira Boston lakini hana mizinga ya maana. Knox, miaka 25, anajitolea kwenda kuichukua kwenye ngome ya Ticonderoga, mbali kaskazini, ambayo waasi walikuwa wameiteka. Anafika tarehe 5 Desemba. Mzigo wenyewe ni tani zipatazo 60, na safari ya kurudi ni maili 300 hivi, wakati wa baridi kali, kwa mashua kwanza na baadaye kwa magari ya kuburuzwa juu ya theluji. Tarehe 17 Desemba alimwandikia Washington kwamba ametengeneza magari 42 imara sana na ametafuta jozi 80 za maksai. Kwenye mito iliyoganda, mzinga mmoja ulizama karibu na Albany, wakazi wa mji wakaja kusaidia kuuopoa, na kwa shukrani ukapewa jina la mji wao.

Katikati ya mahangaiko hayo anamwandikia mkewe, na huwezi kuamini anaandika nini. Tarehe 5 Januari 1776, akiwa Albany, anamsimulia Lucy watu wa New York aliowapita njiani. Anasema ni watu wa fahari: fahari ya magari yao ya farasi, ambayo ni mengi; ya samani zao, ambazo ni nzuri; ya majivuno yao, yasiyoigika; ya matusi yao, yasiyovumilika; na ya mapenzi yao kwa Mfalme, ambayo hayastahimiliki na watayatubia kwa mavumbi na majivu.

Mizinga iko kwenye barafu, yeye anasengenya watu wa New York! Lakini kumbuka anayeandikiwa ni nani. "Mapenzi kwa Mfalme" ndiyo yaliyokuwa yanakula mezani kwa baba yake Lucy. Knox anarusha dongo kwa watu wa New York na linatua ukweni.

Sasa jibu la Bi Mwanahawa. Mizinga ile ilifika nje ya Boston mwishoni mwa Januari. Usiku wa kuamkia 5 Machi 1776 ilipandishwa kwenye vilima vya Dorchester, juu kabisa ya mji na bandari. Waingereza walipoamka na kuona midomo ya mizinga inawatazama, wakajua mji hauna ulinzi tena. Tarehe 17 Machi wakapanda meli na kuondoka, na wafuasi wa Mfalme kwa mamia wakaondoka nao. Knox alipoingia Boston, ukoo wa Flucker haukuwepo tena. Baba mkwe alifia London mwaka 1783. Lucy hakuwaona tena wazazi wake, na mizinga iliyolifunga lango hilo aliileta mumewe.

Mtoto wa Sokoni

Duh. Mkwe kamfukuza baba mkwe kwa mizinga. Hii hata tamthilia za Kituruki hazijafika.

Ngosha wa Kanda

Mkuu tuache mbwembwe kidogo. Lucy naye alichagua mwenyewe. Alijua anaolewa na nani. Hapo sioni "kulipia" kokote, ni matokeo ya uamuzi wake.

Bi Mwanahawa

Ngosha, binti wa miaka 17 anachagua mume, hachagui kufiwa na ukoo mzima wakiwa hai. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Karani wa Zamani

Ngosha, hoja yako ina uzito, na Lucy mwenyewe angekubaliana nawe kwenye nusu ya kwanza. Hakuna mahali anamlaumu Henry kwa ndoa yenyewe. Lakini mwaka 1777 anaandika wazi kwamba amempoteza baba, mama, kaka na dada. Alimwandikia pia dada yake, akilalamikia kimya cha ndugu zake. Fikiria barua inayotoka Boston ya waasi ikielekea kwa mke wa ofisa wa Mfalme: mpaka imfikie, inapita mikono mingapi ya kijeshi, na kila mkono unaweza kuifungua.

Na zilikuwa zinafunguliwa kweli. Kiangazi cha 1775 Waingereza walimkamata kijana aliyebeba barua za John Adams, mwanasiasa wa waasi, moja ikiwa anamwandikia mkewe Abigail, wakazichapa kwenye gazeti la Boston ili kumdhalilisha. Kila ofisa aliyeandika nyumbani baada ya hapo alijua maneno yake kwa mkewe yanaweza kusomwa na mji mzima.

Sasa barua ninayoipenda kuliko zote.

Juni 1776. Jeshi liko New York, Knox anakaa na Lucy na mtoto wao mchanga kwenye nyumba ya mwisho kusini mwa mtaa wa Broadway, madirisha yanatazama bandari. Knox keshamwambia mkewe mara nyingi aondoke mjini. Lucy hataki. Asubuhi ya 29 Juni wako wamekaa wanakula kifungua kinywa, wanatazama dirishani, wanaona meli za Kiingereza zinaingia kwenye mlango wa bandari na upepo unazisukuma mbele. Ndani ya siku chache zilikuwa zaidi ya mia moja.

Tarehe 11 Julai anamsimulia mdogo wake William. Nafasiri kadiri nilivyoweza: "Huwezi kukisia dhiki na wasiwasi aliokuwa nao. Mji umechafuka, mizinga ya tahadhari inalia, askari wanakimbilia vituo vyao, kila kitu mbio mbio. Nami sina ruhusa ya kumshughulikia, maana nchi yangu ndiyo inayoita kwa sauti kubwa zaidi." Kisha anasema anamwomba Mungu asipitie tena hisia kama zile, zilimzidi. Alizifichaje? Anasema mwenyewe: alimfokea mkewe kama shetani kwa kutoondoka mapema.

Humo kuna mume mzima mzima. Ameogopa mpaka basi, hawezi kulionyesha, anageuza kuwa ukali. Halafu hathubutu kumwambia mke, anamwambia mdogo wake. Lucy akaondoka siku ile ile na mtoto.

Mtoto wa Sokoni

"Nilimfokea ili asijue naogopa." Wakuu, nani humu hajawahi? Nyosheni mikono.

Ngosha wa Kanda

Mkono wangu uko juu. Endelea mkuu.

Hawa Binti Juma

Na yeye Lucy alijibu nini? Maana mpaka sasa tunasikia upande mmoja tu.

Karani wa Zamani

Hawa, umeuliza swali ambalo kwa wengi wa kizazi kile halijibiki. Martha Washington alichoma karibu barua zote za yeye na mumewe, zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Kwa Knox tuna bahati, pande zote mbili zinasikika, na Lucy ndiye mwandishi mkali zaidi. Henry anapamba sana. Lucy anapiga moja kwa moja.

Ila ngojeni nimalize New York maana kuna kichekesho cha adabu za barua. Julai 1776 majemadari wa Kiingereza, ndugu wawili wa ukoo wa Howe, wanataka kuongea na Washington lakini hawataki kumtambua kama jenerali, kwa kuwa kwao ni mwasi. Wakamletea barua imeandikwa juu "Bwana George Washington". Ikakataliwa. Wakaja tena na "Bwana George Washington, n.k. n.k." Kanali Paterson, mjumbe wao, akaeleza kwa upole kwamba hizo n.k. zinabeba kila kitu. Washington akamjibu kuwa ni kweli, zinabeba kila kitu na chochote kile. Knox alikuwepo chumbani, na mazungumzo hayo akamwandikia Lucy kwa kirefu. Mengi tunayoyajua ya siku ile tunayajua kwa sababu mume alitaka kumchekesha mke aliyemfukuza mjini wiki tatu nyuma.

Desemba 1776 hali ni mbaya. New York imeanguka, jeshi limekimbia hadi ng'ambo ya mto Delaware, mikataba ya askari wengi inaisha mwisho wa mwaka. Usiku wa Krismasi Washington anavuka mto na askari kama 2,400 na mizinga 18. Knox ndiye aliyesimamia uvukaji. Mtu wa pande kubwa (mizani ya West Point mwaka 1783 ilimpa ratili 280, kama kilo 127), na sauti yake nzito ndiyo iliyosikika juu ya upepo. Makasia yalishikwa na wavuvi wa Marblehead wa kikosi cha John Glover, weupe kwa weusi.

Tarehe 28 Desemba anamwandikia Lucy. Mto ulikuwa umejaa vipande vya barafu vinavyoelea, kazi ikawa ngumu karibu ya kutosadikika. Usiku wa baridi, dhoruba, mvua ya mawe kwa nguvu. Wakawavamia Wajerumani waliokodiwa na Waingereza pale Trenton asubuhi, na fadhaa yao, anasema, haikutofautiana sana na ile itakayokuwepo parapanda ya mwisho itakapolia. Mateka karibu 900. Kamanda wao, Rall, akauawa. Siku moja kabla ya barua hiyo Bunge la waasi lilikuwa limempandisha Knox kuwa brigedia jenerali.

Na Lucy? Mwaka uliofuata yuko Boston, mji aliozaliwa, na hana ndugu hata mmoja wa damu mle. Chemchemi ya 1777 anapata chanjo ya ndui yeye na mtoto. Chanjo ya zama zile si sindano ya kliniki: walichanja ngozi na kuingiza usaha wa mgonjwa halisi, unaugua ndui ndogo ukitumaini haitageuka kubwa. Alimwandikia mumewe baada ya hatari kupita, akamhesabia hadi vipele. Kwa maoni yangu alikuwa karibu na kifo kama alivyokuwa Henry kule Trenton, tofauti ni kwamba yeye hakupandishwa cheo.

Ngosha wa Kanda

Hapo kwenye cheo umenipata.

Karani wa Zamani

Tunafika sasa kwenye barua ya 23 Agosti 1777.

Ili muielewe inabidi mjue sakata la Du Coudray. Huyu alikuwa ofisa wa mizinga Mfaransa aliyekuja na karatasi mkononi kwamba ameahidiwa kuwa mkuu wa mizinga yote ya Marekani, yaani kiti cha Knox. Majenerali watatu, Knox, Greene na Sullivan, wakaandika Bunge kutishia kujiuzulu. Bunge likakasirika, likasema jeshi haliamrishi raia. Zogo likaisha lenyewe Septemba, Du Coudray alipozama kwenye mto Schuylkill akiwa juu ya farasi wake.

Agosti lakini zogo bado bichi. Knox anaandika kwa uchungu juu ya cheo na heshima. Lucy wakati huo anahangaika na bei, pesa ya karatasi ya Bunge inashuka thamani. Anajibu kwamba kuzoea kuamuru kwa muda mrefu kutamfanya mumewe awe na kiburi kisichofaa kwa biashara, kisha anaweka hii: "Natumaini hutajiona amiri jeshi mkuu wa nyumba yako mwenyewe, bali utakubali, ingawa si katika jambo la Du Coudray, kwamba kuna kuamuru sawa kwa sawa."

Hiyo nyongeza ya Du Coudray ndiyo inayoniua. Anamwambia: najua kazini hutaki kugawana kiti na mtu, na niko upande wako. Ila ukivuka kizingiti cha nyumba hii, kiti kina watu wawili. Ametumia ugomvi wa mumewe mwenyewe kama kisu cha kukatia mkate wake.

Bi Mwanahawa

Wallahi huyu mwanamke angekuwa Tanga ningemtafuta tuwe mashoga.

Ngosha wa Kanda

Nakubali ameandika vizuri. Lakini tuwe wakweli, mtu yuko porini na jeshi, wiki chache mbele kuna mapigano ya Brandywine na Germantown, unamletea habari za nani anaamuru nyumbani? Wakati wake ulikuwa huo?

Hawa Binti Juma

Wakati wake ulikuwa lini sasa, kaka? Vita vilienda miaka minane. Asubiri 1783 ndiyo aulize?

Karani wa Zamani

Niko na Hawa. Pia msisahau ilikuwa barua, haikuwa kikao. Barua inaruhusu kusema jambo ambalo usoni lingegeuka kelele. Uso kwa uso pale New York walifokeana. Kwa karatasi Lucy alipata kumaliza sentensi.

Tena Lucy hakuwa mtu wa kukaa Boston akinuna. Kila jeshi lilipoweka kambi ya baridi alimfuata: Valley Forge mwaka 1778, kisha New Jersey, ambako Knox alianzisha, kijijini Pluckemin, shule ya kufundisha maofisa wa mizinga. Februari 1779 walifanya hapo sherehe ya kuadhimisha mkataba na Ufaransa, fataki na dansi, na Washington alifungua dansi na Lucy. Mwaka huo huo wakapata binti, Julia, na mwaka huo huo wakamzika. Walizaa watoto wengi katika ndoa yao, na watatu tu ndio waliofikia utu uzima. Mtu akisoma barua zao bila kujua hilo atashangaa kwa nini kila ya pili inauliza afya ya mtoto kwa wasiwasi wa kupitiliza.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Karani, shikamoo kwa uzi huu ingawa huenda mimi ndiye mkubwa. Naomba kuweka mchanga kidogo kwenye wali. Hao wote wanaandika uhuru, uhuru. Watumwa walikuwa wapi katika barua hizi? Huwezi kutuletea mapinduzi ya Marekani ukawapitia pembeni watu weusi kwa sentensi moja ya wavuvi.

Karani wa Zamani

Marahaba hapana, mzee wangu, shikamoo yangu ndiyo inayotangulia.

Swali ni la haki na jibu lake limo ndani ya barua, ila si za Knox. Wakati wa mazingirwa ya Yorktown, mji wa Virginia ambako jeshi la jenerali wa Kiingereza Lord Cornwallis lilibanwa mwaka 1781, Lucy alikuwa mgeni wa Martha kule Mount Vernon, shamba la Washington, ambako kazi zote zilifanywa na watumwa. Miezi michache kabla hajafika, Aprili, meli ya kivita ya Kiingereza, Savage, ilipanda mto Potomac, na watumwa 17 wa Washington wakakimbilia ndani yake. Walikuwa na sababu: tangu Novemba 1775 gavana wa Mfalme huko Virginia, Lord Dunmore, alikuwa ametangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la Mfalme. Kwa hiyo uhuru kwa wale 17 ulikuwa umepeperusha bendera ya Uingereza.

Msimamizi wa shamba alikuwa Lund Washington, binamu wa jenerali. Alipanda melini, akawapelekea Waingereza vyakula, akitumaini kunusuru nyumba na kurudishiwa watumwa. Tarehe 30 Aprili George Washington alimwandikia kwa hasira: ingemuuma kidogo zaidi kusikia wameichoma nyumba yake na kuliacha shamba magofu, kuliko kusikia binamu yake amewapa adui chakula. Hiyo nayo ni barua ya familia ya ofisa wa jeshi. Ameumia kwa ajili ya heshima yake. Wale waliokimbia wanahesabiwa pamoja na mali. Baada ya Yorktown kuanguka baadhi yao walikamatwa na kurudishwa utumwani.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo ndipo Lucy alipopata habari za ushindi. Tarehe 19 Oktoba 1781, saa mbili asubuhi, Knox anaandika kutoka Yorktown: saa tukufu kwa Marekani, leo Lord Cornwallis na jeshi lake wanatoka na kurundika silaha zao mbele ya jeshi letu lenye ushindi. Na anaongeza kwa kinyongo kitamu kwamba watapewa heshima zile zile walizopewa Wamarekani Charleston ilipoanguka mwaka 1780: hawataruhusiwa kukunjua bendera wala kupiga wimbo wa kuwakejeli washindi.

Nadhani Mwalimu ataona barua ya Aprili na ya Oktoba zinavyokaa pamoja.

Mwalimu Mstaafu

Zinakaa. Ahsante. Sasa ingefaa siku moja utuletee Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, huko walioandika na waliokimbia walikuwa ni watu wale wale. Toussaint Louverture alikuwa jenerali naye, na barua zake za kutoka gerezani Ufaransa zinamtaja mke na watoto.

Mtoto wa Sokoni

Mkuu kabla hujahama, ile ardhi ya babu yake Lucy kule Maine iliishia kwa nani? Maana mali za ukweni zikiachwa bila mwenyewe mimi huwa naanza kusikiliza vizuri.

Karani wa Zamani

Hahaha, nilikuwa nakusubiri.

Massachusetts ilitaifisha mali za waliomfuata Mfalme. Lucy hakukimbia, kwa hiyo fungu lake la urithi lilibaki salama, na Knox kidogo kidogo, mnamo miaka ya 1790 mwanzoni akiwa Waziri wa Vita wa Marekani, akayapata na mafungu ya ndugu zake. Baba mkwe aliyemkataa kwa kuwa muuza vitabu ardhi yake ikawa ya muuza vitabu. Wakajenga jumba kubwa huko Maine, mji wa Thomaston, wakaliita Montpelier, wakahamia katikati ya muongo huo.

Lakini ardhi haikuwa tupu. Walowezi maskini walikuwa wamekwisha ikata miti na kuilima, wengi wakiwa wamepigana vita ile ile, na kwao mali ya mtu wa Mfalme ilikuwa imekombolewa na umma. Knox akawataka wanunue. Wakawapiga wapimaji wake wa ardhi, wakamwona Flucker mpya. Kwa hiyo mwanamapinduzi wetu alimaliza maisha yake akigombana na watu waliodai mapinduzi ni yao.

Alikufa Oktoba 1806, umri 56, baada ya mfupa wa kuku kumkwama, na alikufa na madeni makubwa kuliko mali. Lucy aliishi Montpelier hadi Juni 1824.

Hawa Binti Juma

Na barua zenyewe mtu anaweza kuzisoma wapi?

Karani wa Zamani

Nyaraka za Knox, zaidi ya elfu kumi, ziko New York kwenye mkusanyiko wa Gilder Lehrman, nyingi zimewekwa kwenye intaneti. Anza na mwaka 1777, na anza na za Lucy. Tahajia yake haina mpangilio kabisa, kwa hiyo soma kwa sauti, utaelewa. Mwalimu, Louverture nimemwandika kwenye foleni, nipeni muda nikusanye.

Ngosha wa Kanda

Mimi nimeshaanza ya Agosti. Mke wangu kaichungulia begani, kaomba nimsomee tena pale kwenye amiri jeshi.

Bi Mwanahawa

Msomee mara tatu.